Wadogo zangu mnaofungua mikahawa Texas, chama si serikali na si bima

Jamani. Juzi tena kwenye grupu letu kijana mmoja kaandika kwa herufi kubwa, nimelipa ada ya chama cha mikahawa mbona mkaguzi wa afya kanikata pointi na anasema anarudi? Halafu wenzake wanamjibu "hao ni wezi, achana nao." Swali hilihili naliona kila akiingia mtu mpya, na majibu ni yaleyale ya hasira, na mimi nimechoka kujibu vipande vipande usiku nikiwa nafunga hesabu. Naandika hapa yote, mtu akiuliza tena nitamtumia hii.

1. Chama cha mikahawa cha jimbo ni chama cha wenye biashara. Texas Restaurant Association kipo tangu 1937, makao yake Austin, na kina matawi kwenye miji. Hakitoi leseni wala hakifuti faini. Kibali cha chakula mara nyingi unapewa na jiji au kaunti, pombe ni TABC, tume ya pombe ya jimbo, kodi ya mauzo ni kwa Comptroller, ofisi ya mapato ya jimbo. Chama kazi yake ni kuwasemea wenye mikahawa kwa wabunge, kufundisha, kukutanisha watu, na kuwatafutia wanachama nafuu kwenye huduma ambazo peke yako huna nguvu ya kupatana bei. Basi. Ukienda na matarajio ya zaidi ya hapo utalia kila mwezi ukilipa ada.

2. Kazi kubwa ni ile usiyoiona. Bunge la Texas linakaa kikao cha kawaida miaka ya witiri tu, kuanzia Januari, siku 140, na humo ndani kuna miswada ya pombe, ya mishahara, ya vibali, ya kampuni za kupeleka chakula, nani ana muda wa kuisoma yote na huku mchele unaungua? Chama kina watu wa kuisoma. Mnaouza kokteli za kubeba leo mnadhani ilikuwa hivyo tangu zamani, haikuwa. Machi 2020 kumbi za kulia zilipofungwa gavana alilegeza masharti kwa muda, chama kikashika hilo hilo hakikuachia, na Mei 2021 gavana Greg Abbott akasaini ikawa sheria ya kudumu, ili mradi kinywaji kimefungwa vizuri na kinaenda pamoja na chakula. Kuna mikahawa ilipona kwa hilo. Na mwezi huohuo ulifunguliwa mfuko wa serikali kuu wa dola bilioni 28.6 wa kuokoa mikahawa, waliomba zaidi ya 278,000, waliopata ni kama 101,000, pesa zikaisha. Waliokuwa wanafuatilia taarifa za vyama vyao walikuwa na karatasi tayari siku ya kwanza, wengi wetu ndo tulikuwa tunaanza kumtafuta mhasibu.

3. Tipu. Hapa nakaa kidogo maana hapa ndo niliumia, na naona mnaelekea palepale.

Mimi nilipofungua nililipa maweita dola 2.13 kwa saa, kiwango cha taifa cha wanaopokea tipu ambacho hakijapanda tangu 1991, na Texas inakifuata. Hiyo ni halali kama tipu zinajazia mpaka kima cha chini kamili cha 7.25. Sasa tipu nikazichanga kwenye chungu kimoja, jioni tunagawana wote, weita, mpishi, na meneja ambaye ni shemeji yangu. Kwa akili yangu ilikuwa haki kabisa. Tumelelewa hivyo, sinia moja, mikono yote ndani, mtu akipika halafu asile si utakuwa umemdhulumu? Nilikuwa najivunia hata, nikiwaambia watu mkahawa wangu hauna mkubwa wala mdogo.

Kumbe sheria ya taifa tangu 2018 inasema wazi, mwenye biashara na meneja hawagusi chungu cha tipu za wafanyakazi, hata kidogo. Meneja anabaki na tipu ya meza aliyoihudumia yeye mwenyewe peke yake, hiyo tu. Na mpishi anaweza kuingia kwenye chungu pale tu ambapo unawalipa wote kima cha chini kamili, si ukiwa unatumia ile 2.13. Mimi nilikuwa nimevunja vyote viwili, kila siku, kwa moyo mweupe. Msichana mmoja aliyeacha kazi akaenda kulalamika Idara ya Kazi, na alikuwa na haki. Wakaomba vitabu vya mishahara. Hesabu yake inaenda hivi: unarudisha tipu zilizochukuliwa, unarudisha ile tofauti kati ya 2.13 na 7.25 kwa saa zote, na unaweza kuongezewa fidia ya kiasi kilekile tena, kwa miaka miwili nyuma, mitatu wakiona ulifanya makusudi. Nililipa maelfu ya dola. Niliuza gari. Shemeji hakuongea na mimi muda mrefu kwa sababu aliona kama nimemgeuza mwizi mbele ya wale wafanyakazi, na mke wangu akiwa katikati.

Na kinachoniuma mpaka leo si pesa. Nilikuwa mwanachama! Chama kilikuwa kimetuma maelezo ya sheria ya tipu kwenye barua pepe, kwa lugha rahisi kabisa, nimekuja kuyakuta kwenye pipa la taka nikiwa natafuta kitu cha kumwonyesha wakili. Nilikuwa nazifuta bila kufungua kwa sababu nilidhani ni matangazo ya vyombo vya jikoni. Nilipopiga simu mama mmoja pale alinisikiliza kwa upole sana akanielekeza kwa wakili wa ajira, lakini aliniambia ukweli, sisi hatuwezi kukutetea kwenye hili, tungeweza kukuambia mapema. Fungueni zile barua. Weka siku moja ya wiki, chai mkononi, soma.

4. Msipange bei. Kwenye kikao cha tawi kijana wetu mmoja alinyanyuka akasema jamani tukubaliane sahani ya biriani isishuke dola fulani, tunauana wenyewe kwa wenyewe. Chumba kizima kikanyamaza, mzee mmoja Mmeksiko mwenye mikahawa ya miaka mingi akamshika bega akamtoa nje kumwelewesha. Sheria ya Sherman ya 1890, kupatana bei na washindani ni kosa la jinai, na chama kikiruhusu hayo kikaoni kinaanguka chote. Hii inahusu na grupu letu la WhatsApp. Nafuta nikiona.

5. Mfuko wa kisiasa ni kitu kingine na ada ni kitu kingine. Ukiombwa kuchangia PAC, ndo huo mfuko, angalia makaratasi yako kwanza: mwenye green card anaruhusiwa, raia anaruhusiwa, mwenye viza ya muda au anayesubiri kesi haruhusiwi kuchangia uchaguzi wa ngazi yoyote. Usione aibu kusema hapana, hawatakuuliza kwa nini. Na mwambie mhasibu sehemu ya ada inayokwenda kwenye ushawishi haikatwi kwenye kodi.

6. Hamlazimiki kukubaliana na kila kitu. Vyama hivi vinapinga kima cha chini kupanda, miaka nenda rudi, na wengi wetu tumeanza tukiosha vyombo, tunajua 2.13 ni nini. Januari 2023 gazeti la New York Times lilieleza jinsi ada za ServSafe, yale mafunzo ya usalama wa chakula, ambazo mara nyingi mfanyakazi analipa mwenyewe, zinavyoingia kwenye chama cha mikahawa cha taifa na kusaidia ushawishi huohuo. California ikatunga sheria, kuanzia 2024 mwajiri ndo analipia cheti. Texas hatulazimishwi, mimi nalipia watu wangu wote, na ninyi lipieni. Hili nimelisema kikaoni kwa mdomo wangu, wapo waliokunja uso na wapo walionifuata kwenye parking kunishukuru. Nimebaki ndani maana nikitoka atabaki nani wa kulisema?

7. Haraka haraka: ada inaenda kwa mauzo yako, taja mauzo ya kweli. Uliza kama uanachama wa taifa umo humohumo. Mtihani wa meneja wa ServSafe fanya kabla ya kusaini pango. Kikao cha tawi nenda hata kama Kiingereza kinakwama, mkaguzi mzuri, fundi wa friji na wakili mimi niliwajua hapo.

Na ProStart, programu ya kufundisha upishi kwenye shule za sekondari, chukueni watoto wa mazoezi. Wetu wa sasa kageuza chapati vizuri kuliko mimi na anaanza chuo Agosti, natafuta wa kumrithi, mwenye shule jirani aniambie.