Kamongo wa Ilsebill

SWALI: Shikamoo Bibi. Umeme ukikatika jioni huwa nawasimulia wanangu hadithi za ndugu Grimm wa Ujerumani, kutoka kitabu cha tafsiri ya Kiingereza. Wameshikwa na ile ya mvuvi na mkewe: mvuvi ananasa samaki anayesema, anamwachia, mke anamrudisha akaombe nyumba, kisha kasri, kisha ufalme, mpaka anataka kuwa Mungu. Kamusi inasema samaki huyo ni gayogayo. Wanangu hawajamwona gayogayo. Niseme ni sangara?
Mama wa watatu, Igoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sangara hapana. Huyo aliletwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na baba yangu kule Ukerewe alimwita mgeni mpaka anazeeka. Hadithi ya hapo kale inataka mwenyeji.

Kamusi yako haikukosea. Gayogayo ni yule samaki bapa wa baharini, macho yote upande mmoja, hulala mchangani. Ndiyo maana ndoano ya mvuvi ilizama mpaka chini kabisa. Kwa watoto wa huku mimi ningesema kamongo. Naye ni wa chini, wa kwenye tope, lakini ana mapafu, hivyo lazima apande juu avute hewa. Mtoto aliyewahi kumwona kamongo akitoa mdomo juu ya maji hatashangaa kusikia amesema neno. Na mvuvi amwite kwa wimbo, kama kwenye hadithi yenyewe. Mimi huimba hivi:

Kamongo wa kilindini,
njoo hapa ufukweni,
mke wangu Ilsebili,
kauli zetu ni mbili.

Usiharakishe rangi za maji. Mwanzo maji ni meupe, mvuvi anaona ndani. Akirudi mara ya pili yamekuwa kijani na manjano, halafu zambarau na mazito, halafu kijivu yanayonuka, halafu meusi, na mwisho mawimbi marefu kama minara ya kanisa. Baba alikuwa akichota maji kiganjani na kuyanusa kabla ya kusukuma mtumbwi. Yakiwa kijani mithili ya mboga iliyopondwa, alinyamaza kwanza. Wanao wameyaona maji ya namna hiyo. Hapo nyamaza nawe kidogo kabla mvuvi hajaita.

Kabla ya kuutaka Umungu, Ilsebill anakuwa mkuu wa Kanisa. Sema Baba Mtakatifu. Ukisema Papa, mwanao mdogo atadhani amegeuka samaki mwenye meno.

Sasa lile ninalolijali zaidi. Kitabu chako kinasema wawili hao waliishi kwenye kibanda kibovu, sivyo? Ndivyo alivyoandika Margaret Hunt katika tafsiri yake ya 1884, na wengi wamemfuata. Lakini hadithi hii iliandikwa na mchoraji Philipp Otto Runge, mzaliwa wa Wolgast, mji wa kando ya Baltiki, kwa lahaja ya watu wa pwani ile, na ndugu Grimm walipoichapa mwaka 1812 waliiacha katika lahaja hiyohiyo. Humo mvuvi na mkewe wanaishi ndani ya chungu cha mkojo. Hivyo hivyo, chungu cha mkojo! Kiingereza kiliona haya. Wewe usione haya, maana Runge aliandika kama wavuvi wanavyosema, nawe unaishi karibu na mwalo, unawasikia kila siku.

Bila chungu, mwisho unapwaya. Mvuvi anakwenda mara ya mwisho katikati ya dhoruba, anapiga kelele na sauti yake mwenyewe haisikii. Samaki anauliza, mkeo anataka nini tena? Anataka kuwa kama Mungu. Samaki anamjibu: nenda, yumo tena ndani ya chungu chake. Na humo wamekaa mpaka leo.

Ukifika hapo, funga kitabu.