Allianoi, mji wa chemchemi ya moto uliozamishwa

Ndugu, umeuliza kama ni kweli kuwa Uturuki iliwahi kuzamisha mji mzima wa kale wa tiba ya maji ya moto. Ni kweli, na mji huo ni Allianoi, uliokuwa kilomita 18 hivi kutoka Bergama, mji wa magharibi mwa Uturuki ulioitwa Pergamon zamani.

Chemchemi yake, yenye joto la takriban nyuzi 45, iliwavutia wagonjwa hasa katika karne ya 2 chini ya utawala wa Roma, ingawa katika maandishi ya kale jina la mji huo limesalia kwa mtoa hotuba mmoja tu wa enzi hiyo, Aelius Aristides, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa miaka mingi. Uchimbuzi ulioongozwa na mwanaakiolojia Ahmet Yaraş kuanzia 1998 ulifukua birika za kuogea, barabara zenye nguzo, vifaa vya upasuaji na, kilicho kizuri kuliko vyote kwa maoni yangu, sanamu ya marumaru ya nimfu (mungu-mke mdogo wa maji katika hadithi za kale) aliyeshika gamba la kombe wa baharini mbele ya kiuno chake. Sanamu hiyo sasa imo katika makumbusho ya Bergama.

Kilichoumaliza mji huo ni bwawa la umwagiliaji la Yortanlı: mwaka 2010, licha ya malalamiko mengi, magofu yalifunikwa kwa mchanga, eti kuyahifadhi, kisha maji yakaachiwa yajae juu yake.