Taimingi haiwekwi kwa sikio

SWALI: Injini yangu ni ya Ford Model T. Nimeondoa koili zake nne za kuzalisha cheche na kufunga distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa silinda) iliyotoka kwenye gari la miaka ya baadaye, ili taimingi, yaani wakati wa kupiga cheche, ijirekebishe yenyewe bila mimi kushika wenzo wa usukani. Mlimani injini inalegea. Fundi ameshauri vile vyuma vizito vya ndani ya distribyuta, vinavyotupwa nje kasi ikipanda na kuiwahisha cheche, vifungwe kwa waya, kisha distribyuta izungushwe hadi mlio uchangamke. Tulipofanya hivyo, hendeli ya kuwashia injini ilinirudi na kuniumiza kifundo cha mkono. Nitumie springi zipi?

JIBU: Springi tutazifikia. Kwanza nimalizane na ushauri huo, kwa sababu naukuta karibu kila wiki na wewe tayari umekugharimu mkono. Nyuma yake ipo imani kwamba cheche ikiwahi zaidi, nguvu huongezeka. Kuwahisha cheche ni kuupa moto muda wa kuenea ndani ya silinda, ili msukumo ufikie upeo wake pistoni ikiwa imekwisha kuvuka kilele na kuanza kushuka. Ukizidisha, moto huikuta pistoni ingali inapanda. Hebu piga hesabu: hendeli ikizungushwa kwa mizunguko 60 kwa dakika, cheche iliyowahishwa kwa nyuzi 25 za mzunguko hupiga takriban milisekunde 70 kabla ya kilele, ilhali moto huhitaji milisekunde chache tu, basi huirudisha pistoni nyuma pamoja na hendeli. Ndiyo maana madereva wa Model T, gari lililotengenezwa tangu 1908 hadi 1927, walipandisha kwanza wenzo wa kushoto ili kuchelewesha cheche, kisha ndipo wakaishika hendeli.

Na sikio nalo hudanganya. Injini isiyo na mzigo huvuta mchanganyiko kidogo wa petroli na hewa, nao huwaka polepole, kwa hiyo hufurahia cheche inayowahi kuliko ile itakayoihitaji ikibeba mzigo. Ukifuata mlio, umeiwekea taimingi ya kunguruma kivulini. Washauri hao hao hukuambia kwamba cheche ikiwahi mno utaisikia injini ikigonga, yaani mchanganyiko ukilipuka wenyewe. Injini yako hubana mchanganyiko takriban mara 4 tu, na petroli ya leo huhimili mbano wa zaidi ya mara mbili ya huo. Inaweza basi kuwahishwa kupita kiasi na isigonge, ikashindana na nafsi yake kimyakimya hadi rejeta ichemke. Hapo utauziwa rejeta.

Sasa distribyuta yenyewe. Nguvu inayovitupa vyuma nje, dhidi ya springi zinazovivuta ndani, hufuata mraba wa kasi. Model T ilitoa nguvu-farasi zake 20 kwenye mizunguko 1,600 kwa dakika, na hapo vyuma vilivyopangiwa injini ya mizunguko 5,000 hupata takriban sehemu moja ya kumi tu ya nguvu iliyokusudiwa. Mlimani, kasi ikishuka, vyuma hurudi ndani kabisa na cheche huchelewa.

Usikimbilie kulegeza springi zote mbili, maana hiyo nayo ni njia ya mkato. Chuma kikisogea nje, nguvu inayokitupa huongezeka, na springi dhaifu mno hushindwa ghafla, vyuma vikaruka hadi kwenye kizuizi. Injini hutaka kinyume chake: taimingi iwahi upesi mwanzoni, kisha ongezeko lipungue, kwa kuwa kasi ikipanda mchanganyiko huvurugika zaidi na moto huenea haraka. Tumia springi moja nyembamba inayovuta tangu mwanzo, na nyingine nene ambayo kitanzi chake kina nafasi, ili ianze kuvuta vyuma vikiwa vimekwisha kusogea. Kumbuka pia kwamba distribyuta huzunguka nusu ya kasi ya krankshafti (shafti kuu ya injini), hivyo nyuzi 10 kwenye vyuma ni 20 kwenye injini. Kwa kuwa unawasha kwa hendeli, cheche ya mwanzo ipige pistoni ikiwa kileleni au nyuzi chache baada yake.

Iwe Model T, trekta au pampu ya maji, usikubali kazi ya taimingi iliyofanywa bila taa ya taimingi, ile inayomulika kila cheche inapopiga. Chora mstari wa rangi nyeupe kwenye puli ya krankshafti, uandike vipimo kasi ikipanda kutoka mizunguko 400 hadi 1,600 kwa dakika, kisha uvirudie ikishuka. Mstari ukichelewa kurudi, usiguse springi. Futa grisi iliyokauka kwenye pini za vyuma, tia tone la oili, upime upya.