Boti haimfanyi mtu mwandishi mwenza

Ndugu, umeuliza kama mkuu wako, aliyekuazima boti pale Kibirizi, Kigoma, awe mwandishi mwenza wa makala yako ya dagaa. Kwa vigezo vya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ambavyo hata nje ya tiba hutumika, mwandishi ni yule aliyechangia pakubwa wazo, data au uchambuzi, akashiriki kuandika au kuhakiki rasimu, akaidhinisha nakala ya mwisho na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Boti haimo. Mtaje kwenye shukrani kwa ridhaa yake, pamoja na wavuvi waliokupimia dagaa usiku kwa karabai (hao ndio husahaulika). Akishinikiza, limalize kabla ya kutuma makala, kwani baadaye kuondoa jina huhitaji idhini ya maandishi ya waandishi wote, akiwemo anayeondolewa.