Muulize Nahodha: Maji ya Cape Cod hayana subira

SWALI: Shikamoo Nahodha. Kaka yangu anaishi Massachusetts, Marekani, na amenunua boti ya fiba ya mita 5 yenye injini ndogo. Julai nitamtembelea, na anataka tupite Mfereji wa Cape Cod. Anasema maji humo hukimbia kama mto. Mimi nimezoea kupiga makasia Uhuru Park tu. Tutapita salama? Na akinipa usukani nikubali?
Dada mwoga, Umoja

JIBU: Marahaba mwanangu. Woga wako una akili, usiutupe.

Mfereji huo, uliofunguliwa mwaka 1914, unaunganisha ghuba mbili ambazo maji yake hayajai pamoja. Cape Cod Bay hupanda na kushuka karibu mita 3. Buzzards Bay haifiki nusu ya hapo, tena kwa saa nyingine. Basi upande mmoja maji yakiwa juu na wa pili chini, yanateremka katikati kwa noti 4 (kama kilomita 7 kwa saa) au zaidi, na baada ya kama saa 6 yanageuka. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, ni makali zaidi.

Kwa hiyo usimuulize kaka yako injini ina nguvu za farasi ngapi. Muulize mkondo unageuka saa ngapi. Atazame jedwali la mkondo, si la kujaa na kupwa, maana humo maji yanaweza kuwa yamejaa na bado yanakimbia. Sisi watu wa Lamu tukiutazama mwezi tunajua kama Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, unapitika. Huko mwezi peke yake haukutoshi. Mwende na mkondo, mwingie unapoanza tu kuwafuata, ungali mpole.

Sasa upepo, na hapa ndipo wengi hudharau. Alasiri za kiangazi upepo wa kusini-magharibi huvuma sana Buzzards Bay. Mkondo ukitoka kwenda magharibi unagongana nao mdomoni mwa mfereji, na mawimbi yanasimama wima, mafupi, yamebanana. Boti ya mita 5 hapo itachota maji kwa omo, yaani mbele. Kama mtatokezea upande huo, piteni asubuhi.

Mkibebwa na mkondo msipunguze injini mpaka ikawa inanguruma tu bila kusukuma. Boti isiyosukumwa haisikii usukani, na nguzo za madaraja hazikwepi. Mkitaka kufunga gatini, geuzeni omo ukabili mkondo kwanza, ndipo msogee polepole. Nanga iwe tayari, kamba imefungwa kwenye boti: kutia nanga kwa starehe humo hakuruhusiwi, lakini injini ikizimika ndiyo breki yenu. Petroli ijae.

Mwendo usizidi kilomita 16 kwa saa. Tanga peke yake halikubaliki, lazima injini iwe inafanya kazi. Kuvua mkiwa botini ni marufuku, hata mkiwaona watu ukingoni wamejipanga na mishipi yao. Meli kubwa mzipishe, mkae kulia.

Usukani? Mferejini aushike kaka yako. Mkishafika ghuba pana yenye maji tulivu, mwombe ukae tezi, yaani nyuma, ujifunze kugeuza na kusimamisha. Jaketi la kuokolea ulivae tangu gatini. Watu wengi hulikalia kama mto.