Wakfu kugharimia sera za nishati safi Marekani
Je, wakfu unaruhusiwa kugharimia sera za nishati safi? Si haramu, ila kuna mpaka. Wakfu binafsi wa Marekani, yaani mfuko wa kutoa ruzuku ulioanzishwa kwa pesa za mtu, familia au kampuni, ukitoa pesa mahsusi za kuwashawishi wabunge, wa jimbo au wa Washington, wapitishe muswada fulani wa nishati safi, unatozwa kodi ya adhabu. Kugharimia utafiti na elimu kwa umma unaruhusiwa.

Kinachosahaulika ni kwamba mambo mengi ya umeme kule hayaamuliwi bungeni. Yanaamuliwa kwenye tume za majimbo zinazosimamia bei na mipango ya kampuni za umeme. Mtaalamu akilipwa aende mbele ya tume na hesabu zake, aonyeshe mtambo wa zamani wa makaa ya mawe unamgharimu mteja zaidi kuliko kujenga wa upepo, hiyo kisheria haihesabiwi kuwa ni kushawishi wabunge. Kampeni ya Beyond Coal ya kufunga mitambo ya makaa ya mawe, ya shirika la mazingira la Sierra Club, iliyoahidiwa dola milioni 50 mwaka 2011 na Bloomberg Philanthropies, taasisi ya misaada ya bilionea Michael Bloomberg, ilipigana sana kwenye tume hizo.

Mwenye shaka juu ya pesa za wakfu zinakokwenda afungue fomu 990-PF, ripoti ya kodi ya kila mwaka, ya wakfu anaoutaka: ni ya wazi kwa kila mtu, na inataja aliyepewa ruzuku, kusudi na kiasi. Binafsi naithamini mno hiyo fomu.

Angalizo: mashirika ya 501(c)(4), yaani yasiyo ya faida ya ustawi wa jamii yanayoitwa kwa kifungu chake cha sheria ya kodi, yana kanuni nyingine. Yanaweza kushawishi bila kikomo, lakini anayeyachangia hapati nafuu ya kodi.