Umeajiriwa mipango miji Arusha? Mtafute bwana afya kwanza

Ukiripoti idara ya mipango miji hapa Arusha utapewa meza na rundo la michoro ya urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango. Kabla hujazama humo, nenda ofisi ya bwana afya, jitambulishe, na umwombe siku anayoingia mtaani mwongozane.

Nenda naye Ngarenaro au Unga Limited, kule nyumba zilikotangulia na upimaji ukafuata. Wewe ukiona uchochoro utawaza upana wa barabara. Mwenzako anawaza gari la kunyonya majitaka litaishia wapi, na mpira wake utafika choo kipi. Choo kisichofikiwa na mpira kikijaa, mwenye nyumba anasubiri masika akitapishe usiku, mvua ibebe. Inabeba kweli, inapitisha kwa jirani, inashusha mtoni. Unaweza kubandika matangazo ya kunawa mikono kila ukuta. Pale kinachotakiwa ni mita moja au mbili za njia.

Na mita hizo kuzipata ni shughuli. Kwenye urasimishaji watu huombwa waachie kipande cha kiwanja bila fidia, na hapo kikao cha mtaa huchafuka. Ukisimama na maneno ya "hifadhi ya barabara" utazomewa. Mwachie bwana afya amuulize mama mwenye nyumba: choo cha wapangaji wako wa uani kitanyonywaje? Hesabu ya gharama mama huyo anaijua kuliko wewe. Mwenyekiti wa mtaa umwone mapema, siyo siku ya kikao.

Maji nayo yana mambo yake huku. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina floraidi, ndiyo maana ya meno ya kahawia unayoyaona kwa wengi waliokulia ukanda huu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya eneo hili vinavuka. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, ila floraidi haiendi na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki palepale. Kwa hiyo usichore alama ya kisima cha jamii kwa kuwa tu pana nafasi ya wazi. Mtu wa maji apime kwanza. Ukimpata na mtu wa lishe, atakukumbusha magadi yanayotiwa kwenye makande, maana nayo huwa na floraidi. Hilo halikai kwenye mchoro wowote, lakini litakueleza kwa nini maji yakibadilishwa tatizo haliishi lote.

Kwenye kingo za mito ya Themi na Naura, mwite mtu wa mazingira na mwanasheria wa halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na utakuta nyumba zimo ndani ya mita hizo. Usiahidi chochote pale mtaani.

Mtaani usiende na kompyuta mpakato. Chapisha mchoro karatasi kubwa, uutandaze juu ya boneti ya gari, kalamu nyekundu mpe bwana afya. Ukirudi ofisini ingiza marekebisho mapema, kabla mpima hajatoka na vibarua wake. Bikoni, yaani alama za mipaka, zikishachimbiwa, kusogeza njia hata kwa hatua moja kunaweza kukufikisha baraza la ardhi.